Kulikomboa Jina la Zuwena

Ting. Ndivyo simu ya Bi Masouda ilivyokuwa ikilia kila mtu alipoagiza udi: ting, kama kijiko cha chai kinapogusa ukingo wa kikombe. Ilikuwa sauti ndogo isiyomshtua hata paka, lakini yeye aliisikia akiwa bafuni, aliisikia akiwa darini, na Mola amsamehe, aliisikia hata akiwa juu ya msala, akatoa salamu upesi kidogo. Mtu wa Salala kataka makopo mawili. Mtu wa Dubai kataka udi wa harusi. Mtu wa Mombasa anauliza kama unafika.

Siku alipomaliza eda ya mumewe, akaoga, akavaa nguo ya rangi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi, wifi yake Nasriya alimrudishia simu yake, aliyomshikia edani. Bi Masouda aliiweka juu ya meza ya jikoni, karibu na vyungu vyake ambavyo navyo vilikuwa vimerudi kutoka stoo, akakaa kuisubiri sauti ile. Simu ilileta pole. Ikaleta dua, ikaleta picha za wajukuu wa watu. Ting haikuja, si siku ile wala siku iliyofuata.

"Wamekusahau," alisema Nasriya, akimenya vitunguu. "Ulitaka wakungojee? Watu wanataka kunukia, hawana subira."

Bi Masouda aliilaza simu kifudifudi. Alikuwa na pua, na pua hiyo ilimfanya asimwamini mtu haraka. Miaka yote aliyokaa dirishani kwenye zahanati ya serikali akiandikisha wagonjwa, alijua nani anaumwa kweli na nani anataka ruhusa ya kukosa kazi kabla hajafungua mdomo. Alipostaafu akarudi kwenye kazi aliyofunzwa na mama yake: kupika udi. Vipande vya udi na sandali, sukari, marashi ya mawaridi, miski, ambari, na moto mdogo wenye subira. Mama yake, Bi Zuwena, alitoka Unguja na mtoto mgongoni na chetezo ndani ya bakuli la shaba, na walipofika Maskati, watoto wa Kiarabu wakimcheka Masouda kwa lafudhi yake, mama alimwambia: "Waache wacheke. Wakinusa watanyamaza." Wakanyamaza. Bi Zuwena akafa akijulikana mitaa mitatu, na binti yake akaapa jina hilo litajulikana zaidi ya hapo.

Basi tovuti aliyouzia udi wake ikaitwa Udi wa Zuwena. Hilo ndilo jina lililoandikwa juu ya kila kifuniko cha kopo, na katika jina hilo ndimo wateja walimopita kuja kwake, kama mtu anavyopita mlango.

Siku ya tatu ya ukimya aliufungua mlango huo mwenyewe. Hakukuta udi. Alikuta ukurasa mweupe wenye matangazo ya viatu vya michezo na mikopo ya haraka, na chini kabisa mstari mmoja wa Kiingereza. Aliusoma pole pole, kidole juu ya kioo. Muda wa jina hili umekwisha. Anayelitaka aulizie.

"Nasriya! Jina la mama linatangazwa!"

Nasriya alikuja akijifuta mikono, akatazama, akabetua midomo. "Siku zote nilisema. Jina la mwanamke mwenye heshima halitandazwi kwenye mitandao. Sasa si hilo, limefika sokoni."

"Nani kalipeleka sokoni? Ndo nnalouliza mie."

Aliyejua mambo ya tovuti alikuwa mmoja tu, zaidi ya marehemu mumewe, Mahfoudh. Naye ni Wesley, Mkenya wa duka la uchapaji kule Ruwi, kijana mpole, aliyechapa vifuniko vya makopo na baadaye akajenga tovuti kwa kazi ya pembeni. Bi Masouda alimtafuta ndani ya simu yake. Wesley hakuwemo. Jina halikuwemo, nambari haikuwemo, hata mazungumzo yao ya zamani hayakuwemo, kana kwamba mtu huyo hakupata kuzaliwa.

Hapo pua ikaanza kufanya kazi. Mtu hufutika vipi? Alipiga simu dukani, akaomba aitiwe.

"Mama!" sauti ya Wesley iliruka. "Pole sana kwa mzee. Nimekutafuta mpaka nikachoka."

"Umentafuta wapi? Simu yangu haina hata alama yako."

"Nimepiga, mama. Nimepiga sana." Akashusha pumzi. "Sikiliza, mama, hii jina iko hatarini. Mzee alikuwa ameweka kadi yake kwa ile kampuni ya ng'ambo yenye kusajili majina, inakata kila mwaka yenyewe. Sasa mzee akaondoka, benki ikafunga akaunti, si ndio?"

Ndivyo. Benki ilifunga akaunti mpaka mirathi igawanywe, kama ilivyo kawaida, na kampuni ilipokuja kubisha hodi haikufunguliwa. Barua pepe za kukumbusha zikaenda kwa marehemu.

"Walikupatia muda wa msamaha, zaidi ya mwezi," Wesley aliendelea. "Kwa huo muda ungelipa ada ile ya kila mwaka tu. Huo umeisha. Saa hii tuko kwa kipindi cha kukomboa. Bado jina ni lako, lakini kulitoa kuna ada ingine, hiyo ni kubwa."

"Kubwa namna gani?"

Alimtajia. Bi Masouda aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Kwa jina tu? Jina ambalo ni la mamangu mwenyewe?"

"Si mimi, mama. Ndio sheria yao. Na kipindi hiki kikiisha wanaifuta, na wakishaifuta ni ya mwenye kuwahi. Zimebaki siku chache. Tufanye haraka."

"Ntafikiri," alisema, akakata.

Haraka. Amempotelea mtu miezi yote, kafutika kwenye simu, halafu anaibuka na pole, na ada, na haraka. Mwizi wa mtaani hukupora mkoba. Huyu wa siku hizi anauficha, kisha anakuja kukusaidia kuutafuta kwa ujira.

"Mwenyewe kaficha, mwenyewe anauza," alimwambia Nasriya usiku wakila.

Nasriya alikuwa mtu wa maneno mengi. Jambo likimpita bila kulisemea huumwa kichwa. Usiku ule alisema tu, "Allahu a'lam," akaongeza mchuzi.

Kesho yake Bi Masouda alivuka barabara kwenda kwa jirani yake Jumana, mwalimu wa chuo kikuu, kwa kisingizio cha kumpelekea vileja. Alimweleza yote isipokuwa jina la mtu.

"Sheria hiyo ipo, khala, si hadithi," alisema Jumana, aliyewaita khala wanawake wote wa rika la mamake. "Kwanza msamaha, kisha kukomboa, kisha kufutwa. Na likishaingia kwenye kufutwa hata ulipe dhahabu halirudi. Unangoja liachiwe sokoni, na huko wapo watu kazi yao ni kuvizia. Wanalichukua wao, halafu wanakuuzia kwa bei waitakayo. Au wanauza kitu kingine kabisa kwa jina lako."

"Kitu gani?"

"Chochote. Dawa za kupunguza mwili. Uchawi. Mambo ya aibu."

Bi Masouda aliliona jina la mama yake juu ya mambo ya aibu. Mama aliyekuwa hatoki nje bila ya kulifukiza buibui lake.

"Na huyo anayevizia," aliuliza taratibu, "anaweza kuwa mtu wako? Mtu anayejua jina lako linaisha lini?"

"Anaweza kuwa yeyote, khala. Anayejua ndiye mwepesi zaidi."

Akarudi nyumbani na shaka mbili badala ya moja. Ikiwa sheria ni ya kweli, basi Wesley hakusema uongo. Lakini mkweli wa sheria anaweza kuwa mwongo wa nafsi. Labda anataka mwenye jina achelewe ili yeye alivizie. Lakini mbona anamharakisha? Labda anamharakisha ili azidi kushuku, azidi kuchelewa. Bi Masouda alilizungusha jambo hilo kama anavyozungusha mwiko chunguni, na kila lilipozunguka lilizidi kuwa zito. Wesley akamwandikia: *Mama, siku zinaenda.* Hakumjibu. Akamwandikia tena: *Mama, tafadhali.* Mbona anabembeleza? Aliyepotelewa ni nani hapa, yeye au mie?

Mwisho alifanya kama afanyavyo na udi anaoletewa na wachuuzi. Haununui kwa maneno. Anautaka mbele yake, autie motoni, aunuse moshi. Akamwandikia Wesley: *Njoo nyumbani Ijumaa, baada ya alasiri.*

Wesley alikuja kutoka kanisani Ghala, ambako ibada huwa Ijumaa, siku ya mapumziko, shati lake la mikono mirefu limepigwa pasi mpaka limekuwa kama karatasi. Alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kochi la majlisi, mlango ukaachwa wazi. Nasriya alikaa pembeni na tasbihi yake, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakumjibu salamu ila kwa kichwa. Bi Masouda alimwekea mgeni halwa, akammiminia kahawa, na alipokuwa akimmiminia akavuta pumzi. Sabuni ya kufulia. Wino wa duka. Woga kidogo. Mtu mwenye hatia hunuka vingine. Lakini pua ilikuwa imekaa miezi minne bila kazi, kwani mjane wa eda hajitii manukato, na mpika udi aliye edani ni kama mwimbaji aliyezibwa mdomo. Hakuiamini hata pua yake.

"Kula halwa, baba."

"Asante, mama."

"Nkikupa hizo pesa, unazipeleka wapi?"

Wesley alikiweka kipande cha halwa chini. "Usinipe, mama."

"Nisikupe?"

"Hata baisa moja. Weka kadi yako mwenyewe, kwa kampuni yenyewe. Mimi nikuonyeshe tu pa kubonyeza. Ukitaka nifunge macho ukiandika nambari, nafunga."

Hilo hakulitarajia. Alilitafuta tundu lake. "Na wewe faida yako nini?"

"Mama, jina lako likipotea mikononi mwangu, nani tena atanipa kazi hii Maskati? Nyinyi wamama wa Kizanzibari mnaongea. Kabla jua lizame nitakuwa nimechafuka mpaka Sohar."

Bi Masouda alikaribia kucheka. Akajizuia, akambana upande mwingine. "Mbona basi hukuja wakati wa msamaha, ulipokuwa mlango uko wazi?"

"Nilipiga simu. Mara ya kwanza ikapokelewa, mtu akanyamaza tu, nikasikia pumzi. Ya pili ikakatwa. Baadaye ikawa haiingii kabisa. Nikakuja hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwa geti, mama. Nikabonyeza ile kengele yenye spika. Mama mmoja akauliza nataka nini. Nikamwambia jina la tovuti limeisha muda, lipieni mapema. Akasema hii ni nyumba ya msiba, mwanamke yuko eda, nikirudi ataita polisi. Nikaenda zangu. Ningefanya nini? Mimi mtu wa mkataba, nikitajwa polisi kafili wangu, yule mwenye viza yangu, haulizi kosa, ananikatia tikiti."

"Mama gani huyo?"

"Sikumwona. Ni sauti tu."

Sauti tu. Bi Masouda aliegemea nyuma. Siku zile nyumba ilijaa wanawake wa kila upande, waliokuja kukaa matanga na waliokuja kula. Sauti isiyo na uso, ya mwanamke asiye na jina, nani ataikanusha? Hivyo ndivyo uongo unavyotengenezwa: unaacha pengo mahali panapotakiwa shahidi. Alihisi shaka yake ikirudi na kukaa vizuri, kama paka juu ya mto wake. Akafungua mdomo kumwambia aende.

Nasriya alimtangulia. "Khalas," alisema kwa sauti kavu. "Kahawa keshakunywa, maneno keshasema. Hii nyumba ya watu, si barza. Aende zake, asirudi."

Kikombe cha Wesley kilisimama njiani baina ya kisahani na mdomo. Aligeuza kichwa, akamtazama Nasriya, mara moja tu, kisha akayashusha macho yake kwenye zulia na kuyaacha huko.

Bi Masouda aliliona jicho lile. "Wesley."

"Naam, mama."

"Ndo sauti hiyo?"

Shanga za tasbihi zilikuwa zimesimama.

"Nakuuliza, baba. Ya getini. Ndo hiyo?"

"Mama," Wesley alisema bila kuinua macho, "mimi ni mgeni kwa hii nyumba. Usiniulize hiyo. Wewe nilipe au usinilipe, ukitaka nifukuze, lakini hiyo usiniulize."

Angekuwa na hila, angeikamata nafasi ile kwa mikono miwili. Mtuhumiwa amepewa mtu wa kumtwika, naye anakataa kumtwika. Bi Masouda alijua hapo hapo. Si kwa pua.

"Nasriya," alisema.

"Ndiyo, mimi!" Nasriya alilipuka, na ushungi ukamrudi nyuma. "Mimi! Mwanamke yumo edani, kaka yangu hata udongo wake haujakauka, mwanamume anapiga asubuhi, anapiga mchana, anapiga magharibi. Na jina lake Wesli! Kaja mpaka mlangoni! Mashangingi wa matanga wamekaa hapa hapa wamenyoosha masikio. Ungetaka waseme nini? Masouda keshapata mwengine?"

"Ungenambia."

"Ningekwambia ungepokea. Nakujua."

"Kwa hivyo ukamfuta."

"Nkamfuta. Nimekulindia heshima yako."

"Haya. Ulinilindia." Bi Masouda aliyasema hayo bila ya kupandisha sauti. "Na nilipotoka edani? Wiki hii nzima unaniona nahangaika, silali, namtukana mtoto wa watu mbele yako, mwizi, mwizi. Eda ilikuwa imekwisha, Nasriya. Hapo ulikuwa unalinda nini?"

Nasriya aliushusha tena ushungi wake mpaka kwenye nyusi. Labda aliona haya. Labda alingoja siku zile chache zipite zenyewe, jina lizame, vyungu virudi stoo, na nyumba ya kaka yake ibaki nyumba isiyouza kitu. Bi Masouda alimtazama usoni akitafuta ni ipi kati ya hizo mbili, asiione. Walikaa nyumba moja miaka thelathini. Alijua anapenda chai yake vipi, goti lipi linamuuma. Hili hakulijua.

Nasriya aliinuka, akakusanya vikombe ambavyo havijamalizwa, akaenda navyo jikoni. Maji yakasikika yakifunguliwa, mlango wa jikoni ukabaki wazi nusu.

"Hebu, baba," Bi Masouda alisema. "Nionyeshe pa kubonyeza."

Wesley alifungua kompyuta yake ndogo, akaisogeza juu ya meza ya halwa, akamwelekeza pa kuingia, kisha akageuza uso kweli kweli, akatazama ukutani mpaka alipomaliza kuandika nambari za kadi. Ada ilikuwa kubwa kama alivyosema, wala haikuzidi alichosema. Bi Masouda alibonyeza. Duara dogo likazunguka, likazunguka. Alisahau kuvuta pumzi. Alimwona mama yake kashuka melini bandarini na bakuli la shaba kichwani, anaulizwa jina lake na mtu wa dawati, naye analitamka pole pole ili wasilikosee.

Kioo kikabadilika. Wesley alisoma, akasoma tena, mabega yakashuka.

"Wamekubali. Jina lako linarudishwa, mama. Litachukua siku mbili tatu kufunguka, lakini limeshatoka kwao. Hakuna wa kulichukua."

"Alhamdulillah." Akaweka mkono kifuani. "Mtu anakomboa jina la mamake kama bangili la rehani."

"Sasa hapa," Wesley alisema, "wanataka tuondoe jina la mzee, tuweke la kwako. Na simu yako, na barua pepe yako, ndio wakikumbusha wakukumbushe wewe."

Bi Masouda akamtajia. Wesley aliandika, akamsomea, akarekebisha.

"Halafu wanataka mtu wa pili. Mtu wa kupigiwa kama wewe hupatikani. Ukiwa mgonjwa, ama safarini, ama..." Hakumalizia. "Wengi huweka mtu wa nyumbani. Niandike nani?"

Bi Masouda alitazama kwenye mlango ule ulioachwa nusu. Maji yalikuwa yamefungwa. Vikombe havikulia tena. Kule jikoni palikuwa na kimya cha mtu aliyesimama akisikiliza.

Akainama juu ya meza, karibu na sikio la Wesley, akasema kwa sauti ndogo kabisa:

"Jiandike wewe, baba. Lakini jina usilisome kwa sauti."